Taka Iliyozikwa na Haki ya Asiyezaliwa

Mtu akifukia kitu huona kazi imekwisha. Hebu itazame kazi hiyo huko New Mexico, Marekani, ambako tangu mwaka 1999 huzikwa taka za utengenezaji wa silaha za nuklia ndani ya mwamba wa chumvi, mita 655 chini ya ardhi. Humo mna plutonia, sumu ambayo miaka 24,000 ikipita huondoka nusu yake tu.

Lakini plutonia haikuzikwa peke yake. Imefuatana na glovu, karatasi na matambara yaliyoigusa, navyo huweza kuoza. Vijidudu vikivila hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikiingia katika maji ya chumvi huweza kushikamana na sumu ile, ikayeyuka na kusafiri na maji. Naam, tambara la kufutia mikono ndilo la kuogopwa! Kwa ajili hiyo huwekwa magunia ya magnesia juu ya mapipa, yainywe hewa hiyo.

Februari 2014 pipa moja lilipasuka huko chini, kwa kuwa lilitiwa mchanga wa choo cha paka uliotokana na ngano badala ya ule wa udongo. Taka hazikupokelewa tena hadi 2017.

Sheria yao yataka usalama wa miaka 10,000. Je, atakayezaliwa baada ya hapo si jirani? Silaha zilimlinda babu. Yeye hakuulizwa, na siku hiyo robo tatu ya plutonia ingali chini ya miguu yake.