Msiubomoe Ukuta Mliozaliwa Nao

Wajukuu zangu,

Juzi mlipokuwa mkijiandaa kwenda harusini, niliona kichupa kisicho na nembo dirishani, karibu na kioo. Nilikifungua, nikakinusa. Harufu ile naijua. Sikusema neno, kwa kuwa siku ya furaha haifai kutiwa maneno mazito. Leo tumetulia sote. Kaeni niwaambie.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 35. Nimeosha vidonda, nimetoa nyuzi, nimewapaka dawa watoto wenye upele na choa. Kwa miaka yote hiyo niliona kwamba watu wengi wanaijua ngozi kwa rangi yake, lakini kazi yake hawaijui. Na asiyejua kazi ya mlinzi ni rahisi kumfukuza.

Ngozi ni ukuta. Ya mtu mzima ukiitandaza hukaribia mita 2 za mraba. Juu kabisa kuna seli zilizokwisha kufa, zimelaliana kama vigae vya paa, na kati yake kuna mafuta yanayozuia maji ya mwili kutoka na vijidudu kuingia. Vigae vya juu hudondoka kila siku, na vipya hupanda kutoka chini. Kwa vijana kama nyinyi safari hiyo huchukua takriban wiki 4. Ukuta huu una uchachu kidogo ambao vijidudu vingi haviupendi, na ndani ya jasho mna protini zinazoviua. Tena juu yake wanaishi bakteria wasio na madhara, wapangaji wa siku nyingi, ambao kwa kuijaza nyumba huwanyima wabaya pa kukaa.

Ndani ya ukuta kuna askari. Mwaka 1868, mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, Paul Langerhans, kijana wa rika lenu, aliona kwenye ngozi seli zenye matawi kama mti. Alidhani ni za neva. Baadaye sana ikafahamika kuwa ni walinzi: hunasa kipande cha kijidudu, hukibeba mpaka kwenye tezi, na huko huzionyesha chembe nyeupe za damu adui alivyo ili zijiandae kupigana naye. Mnakumbuka mmoja wenu alipochomwa na mwiba unyayoni, jeraha likatunga usaha, akavimba mtoki kinenani? Alilia akidhani ni ugonjwa mwingine. Ule mtoki ulikuwa kambi iliyopokea habari kutoka mguuni. Na lile kovu dogo mlilo nalo mkononi tangu uchanga, la chanjo ya kifua kikuu, liko pale kwa sababu hiyohiyo: chanjo ile huchomwa ndani ya ngozi, mahali wanapokaa walinzi wengi.

Sasa sikieni habari ya rangi. Seli zinazotengeneza rangi karibu zinalingana idadi kwa watu wote, weusi kwa weupe. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya rangi yenyewe, yaani melanini. Melanini hutandazwa juu ya kiini cha seli kama mwavuli, jua lisikiunguze. Waulizeni ndugu zetu wenye ualbino, waliozaliwa na melanini kidogo sana au bila kabisa. Wao hulazimika kuvaa kofia pana na mikono mirefu, na kupaka losheni ya kukinga jua, ile ambayo pale hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa kwa ajili yao, kwa sababu saratani ya ngozi huwavizia tangu ujana. Wao wanautafuta mwavuli kwa shida. Nyinyi mliopewa bure mnatoa fedha muondolewe!

Hicho kilichomo kwenye mikorogo ya kujichubua, kama ule wa kichupani, ndicho kinachonikosesha usingizi. Kuna zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuziharibu figo. Hunata kwenye taulo na mashuka, ikamfikia hata mtoto mchanga asiyepakwa chochote. Kuna haidrokwinoni, ambayo mwanzo hung'arisha, na ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mabaka ya bluu-nyeusi mashavuni yasiyokubali kutoka. Na kuna steroidi kali, dawa nzuri mikononi mwa daktari, lakini ukijipaka kila siku huikondesha ngozi ikawa kama karatasi, na huwalaza wale askari niliowatajia. Choa kidogo kikiingia hapo kinaenea kimyakimya. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Serikali hizo hazikatazi urembo, zinakataza sumu.

Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Mdogo wangu alianza kujichubua miezi michache kabla ya kuolewa, akaendelea. Uso ukang'aa, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi. Mtaani walimwita "uso Fanta, miguu Coca-Cola". Alipofika wakati wa kujifungua, ikabidi apasuliwe. Kidonda kiligoma kufunga. Nilikuwa nimeishika taa nilipoona uzi ukiikata ngozi, kama uzi unavyochana kanga iliyochakaa. Daktari akasogeza sindano mbali zaidi, pakachanika tena. Wanawake wengine waliojifungua siku ile walikwenda nyumbani. Yeye alilala wodini wiki nyingi, maziwa yakimvuja na mtoto akilelewa na mimi. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile sijawahi kumcheka mtu aliyejichubua, nanyi msimcheke. Aliyemwambia kuwa rangi yake haitoshi ndiye aliyemjeruhi kwanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo shikeni haya.

Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi safi yanayotiririka na sabuni, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Usilipake mafuta ya taa, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Viini vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi, na hupenda jeraha lenye kina, lililofichika, kama la msumari. Jeraha la namna hiyo liende kituo cha afya, wakaangalie kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu.

Kigaga msikibandue. Chini yake ukuta unajengwa, na fundi hapendi kutolewa jukwaa kabla ya kumaliza. Ukiona wekundu unatambaa kuzunguka jeraha, au homa inakuja, usingoje kesho.

Ogeni, lakini msijikwangue kwa jiwe mpaka ngozi iwake. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, pakeni mafuta ya kawaida. Ngozi iliyopasuka kwa ukavu ni ukuta wenye nyufa. Baka lisilo na hisia, lisilouma hata likichomwa, lionyesheni hospitali mapema, kwa sababu huenda ni ukoma, nao siku hizi hutibika kabisa. Na kipodozi kisichoandikwa kilichomo ndani yake, msikiguse, hata akiwauzia rafiki.

Kile kichupa bado kipo pale dirishani. Sikukimwaga, kwa sababu uamuzi wa mikono yangu hautalinda ngozi zenu nikiwa sipo. Lakini mwenye nacho, kama umekipaka kwa miezi mingi, usiache ghafla peke yako. Ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka na kutoka vipele, ukaogopa, ukarudia. Njoo kwangu hata usiku. Tutakwenda wote kwa daktari wa ngozi, na nitakaa nawe kwenye benchi mpaka jina lako liitwe.

Mungu awalinde, nanyi mumlinde mlinzi aliyewapa.

Bibi yenu.