Hatukukiona: Je, Hakipo?

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha walitoka vijana wa darasa yetu wakaenda pwani na darubini ndogo, nia yao ni kuitazama galaksi ya Andromeda, yaani lile kundi kubwa la nyota lililo nje ya kundi letu. Walikuwa wameiona picha yake kitabuni: gurudumu la nuru lenye mikono iliyojipinda, na rangi ya buluu na manjano. Wakaielekeza darubini upande wa kaskazini, ambao kwetu sisi watu wa Mombasa ni karibu sawa na kibla, wakatafuta sana. Mwishowe mmoja wao akainua kichwa akasema: "Hapana kitu hapa. Picha zile ni uongo."

Kauli hii imetushughulisha kuliko alivyodhani mwenyewe. Ndani yake mna maneno mawili, si moja. La kwanza ni "sikuona kitu". Na huo ni ushahidi wake juu ya nafsi yake, wala hatuna haki ya kuupinga. La pili ni "hapana kitu". Na hiyo ni hukumu juu ya mbingu. Je, mtu huvuka kwa haki gani kutoka neno la kwanza hata akalifikia la pili?

Kwanza na tueleze kwa nini hakuona. Wengi hudhani ni kwa ajili ya umbali. Ni kweli kwamba Andromeda i mbali nasi kadiri ya miaka ya nuru milioni 2 na nusu, lakini umbali si jawabu. Simama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kisha urudi nyuma hatua mia. Ukuta umekuwa mdogo machoni mwako, na weupe wake haukupungua. Nuru inayokufikia imepungua, lakini na nafasi inayoshikwa na ukuta machoni mwako imepungua kwa kadiri ile ile. Galaksi nayo ni vivyo hivyo. Lau tungesogezwa nusu ya safari, tungeiona kubwa zaidi, na kila kipande cha uso wake kingebaki na mng'ao ule ule hafifu. (Katika masafa makubwa mno kanuni hii hubadilika, kwa kuwa ulimwengu unapanuka, lakini Andromeda ni jirani.) Hata darubini haina hila hapa: hukikuza kitu, wala haiwezi kuufanya uso wake ung'ae machoni kuliko unavyong'aa kwa jicho tupu. Kamera hutushinda kwa subira tu, kwani huikusanya nuru kwa muda mrefu, na jicho haliwezi. Na dalili ya haya tunayo juu ya vichwa vyetu. Sisi wenyewe tumo ndani ya galaksi, na ile Njia ya Maziwa ni umbo lake tunalolitazama kutoka ndani. Hapana ukaribu uliozidi huo, na bado taa za barabarani zatosha kuifuta.

Basi sababu ni kutawanyika. Tone la wino katika kikombe cha maji huonekana na kila mtu. Tone hilo hilo katika pipa halionekani, wala wino haukupungua. Nuru yote ya Andromeda ingekusanywa mahali pamoja, ingekuwa nyota ya daraja la tatu, ambayo mwenye macho mazima huiona bila taabu. Lakini imetandazwa juu ya eneo lenye upana wa kama miezi mipevu sita iliyopangwa safu. Wataalamu huupima mng'ao wa uso kwa hesabu ambayo namba ikizidi nuru hupungua, na tofauti ya 5 ni mara 100. Mng'ao wa wastani wa Andromeda ni kama 22, na mbingu iliyo safi kabisa, mbali na miji, nayo ni kama 22; moyo wake tu ndio uliozidi hapo. Mbingu ya mji mkubwa yaweza kuwa 18, yaani imeng'aa kiasi cha mara 40 kuliko ile. Kijana wetu alikuwa akitazama kupitia pazia la nuru tuliyolitundika wenyewe, kwa taa ambazo sehemu ya nuru yake hupanda juu isimfae mtu wala mnyama.

Abdur-Rahman As-Sufi hakuwa na darubini. Katika kitabu chake cha nyota, kilichoandikwa karibu na mwaka 964, alilitaja doa mfano wa kiwingu mahali pale pale. Na Ibn al-Haytham, aliyefariki karibu na mwaka 1040, alikwisha kubainisha kwamba nyota hazionekani mchana si kwa kuwa zimeondoka, bali kwa kuwa nuru ya hewa iliyo kati yetu nazo imezishinda.

Tusidhani kosa hili ni la vijana peke yao. Mwaka 1970 mtaalamu wa Australia, Ken Freeman, alizipima galaksi 36, akakuta kwamba 28 kati yake zina mng'ao wa katikati ulio karibu sawa. Watu wakastaajabu: ni kanuni gani hiyo iliyozilinganisha? Mwaka 1976 Mike Disney akajibu kwa swali jingine: je, kama zingekuwako zilizo hafifu kuliko hizo, tungezijua? Mtu akikaa juu ya ngome usiku, akavihesabu vyombo vya baharini kwa taa zake, ataandika daftarini kwamba kila chombo cha bahari hii kina taa. Ngalawa iliyopita gizani haimo katika hesabu yake, naye hana khabari kwamba haimo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1986, ilipatikana galaksi iliyoitwa Malin 1, iliyo mbali zaidi ya miaka ya nuru bilioni 1. Ni miongoni mwa galaksi kubwa kabisa zijulikanazo, upana wake wapita wa kwetu mara kadhaa, na uso wake ni hafifu hata weusi wa usiku waushinda. Ndiyo ngalawa isiyo na taa, tena kubwa kuliko majahazi yote yaliyohesabiwa.

Maulamaa wetu wana kanuni ya zamani, kwamba kutojua si kujua kwamba hakuna. Sisi watu wa pwani twaijua kwa vitendo, maana kila mwaka twasimama ufukweni kuutafuta mwezi. Aliyetazama magharibi pakiwa na utandu wa mawingu akasema "hatukuuona" amesema kweli. Akisema "haukuandama" amezidisha ambalo macho yake hayakumpa.

Lakini hapa yatupasa tuwe macho, kwani mlango huu ukiachwa wazi huingia kila mtu. Mganga naye atasema: "Dawa yangu yafanya kazi, ila ninyi hamuoni." Je, tumkubalie kwa kanuni hiyo hiyo? La. Malin 1 haikukubaliwa kwa kuwa hapana aliyeweza kuikanusha. Ilikubaliwa kwa kuwa alama yake ilitafutwa na ikapatikana: nuru yake ikapimwa, na gesi yake ya haidrojeni ikasikika kwa chombo cha redio cha Arecibo. Mwenye kudai kitu kisichoonekana ndiye atakaye kutuambia alama yake ni ipi, na akubali kushindwa isipopatikana. Na mwenye kukanusha naye ana deni lake: atuonyeshe kwamba kingekuwapo, angekiona. Twaona wengi katika mabaraza yetu wanaomdai mwenziwe deni la kwanza hali hawajalipa la pili. Na wengine, khasa wenye kuuza hirizi, hulidai la pili wakalikimbia la kwanza.

Mwaka 2015 wataalamu walitumia lenzi nane za kamera zilizofungwa pamoja, za namna wanayotumia wapiga picha wa michezo, wakazikuta galaksi 47 hafifu katika upande wa mbingu uliokwisha kutazamwa kwa darubini kubwa miaka mingi.

Tumepatana na kijana wetu tutoke naye mjini usiku wa tarehe 28 ya mwezi, tukatazame tena. Safari hii tutayazoesha macho giza nusu saa kwanza, jambo ambalo usiku ule hawakulifanya.