Samaki Safi, Njia Safi

Soma kwa somo hili: Mambo ya Walawi 11:9–12, Kumbukumbu la Torati 22:6, 7, Kutoka 23:10, 11.

Hapa Mara hata mtoto wa darasa la chekechea anajua kwamba sato na sangara wana mapezi na magamba, na kwamba kambare hana magamba. Sheria ya Walawi 11 tumeishika. Lakini Torati haiishii kuuliza ni chakula gani kilichomo sahanini. Inauliza pia kimepatikanaje.

Fungua Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Mtu yuko njiani, anakuta kiota, na mama ndege amelalia makinda au mayai. Mungu hamkatazi mtu huyo kupata chakula. Anaruhusiwa kuchukua makinda, ila mama lazima aachwe aende. Asichukue wote wawili, kwa maana akifanya hivyo hakutakuwa na kiota kingine. Kisha Mungu anaongeza ahadi ya heri na ya siku nyingi, inayofanana na ile ya amri ya tano. Jambo linaloonekana dogo limepewa ahadi kubwa.

Sasa twende ziwani. Sato jike hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakiona hatari hukimbilia humo humo. Kokoro likivutwa kuelekea ufukoni, humzoa mama na watoto kwa pamoja na kuvuruga mahali sato wanapozalia. Hicho ndicho kitendo kilichokatazwa penye kiota. Sangara naye, sheria ya nchi inataka asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, lakini wachanga ambao hawajataga hata mara moja bado hufika mialoni. Huyo ni samaki safi kwa Walawi 11. Je, njia aliyopatikana nayo ni safi?

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,000, na ukubwa huo umewadanganya wengi wakadhani haliwezi kuisha. Sangara aliletwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ili mavuno yaongezeke. Alipozidi, aina nyingi za furu zilitoweka. Viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na wengi wa mwambao wakabaki kununua mapanki. Baadaye baadhi ya viwanda hivyo vilifungwa kwa kukosa samaki.

Mvuvi hutoa majibu mawili, nasi tusiyachanganye. La kwanza ni hili: “Nikiacha mimi, mwingine atavua.” Hilo ni udhuru. Sheria ya kiota ilimhusu mtu aliye peke yake njiani, asiyejua atakayepita nyuma yake atafanya nini. La pili ni hili: “Watoto wangu watakula nini leo?” Hiyo si hoja ya kushindana nayo kwa mafungu. Hiyo ni njaa. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu haramu ziliteketezwa kwa moto, lakini moto haulishi mtoto.

Angalia jinsi Kutoka 23:10, 11 inavyounganisha mambo haya mawili. Mwaka wa saba ardhi inapumzika, na maskini wanakula. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Ziwa likipumzika, nani anamlisha mvuta nyavu? Kanisa linalohubiri pumziko bila kufungua ghala lake limeshika nusu ya sheria.

Wala wajibu si wa mvuvi wa Musoma peke yake. Yupo tajiri mwenye kokoro asiyelowa maji. Yupo mchuuzi wa Bunda anayemkausha sangara mchanga. Yupo mlaji wa Kiabakari, Butiama, mbali na ziwa, anayefurahia bei nafuu bila kuuliza samaki ana urefu gani. Nyavu haramu huvutwa na mikono ya hao wote. Mungu alimpa mwanadamu mamlaka juu ya samaki wa baharini, na wakili mwaminifu hurudisha mali ya bwana wake ikiwa hai.

Maswali ya kujadili:

1. Je, zaka iliyotokana na samaki wa kokoro inaisafisha kazi hiyo? Toeni sababu.

2. Ndugu mshiriki akiacha kokoro juma hili, darasa lenu litamsaidia nini hadi apate nyavu halali?

3. Utamuuliza nini muuza samaki kabla ya kulipa?