Ni Nini Kidumishacho Kijiji?

Watu wengi hudhani ya kuwa nyumba zikikaribiana, basi hapo pana kijiji. Sivyo. Sokoni pia watu husongamana, walakini jua likitua kila mtu hushika njia yake. Yafaa tuulize: ni kitu gani kiwaungacho watu hata wajukuu wao wakae mahali pale pale kwa amani?

Tutazame mlima Kilimanjaro. Wachaga, kabla ya utawala wa Wadachi, walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka mitoni hata migombani mwao. Mfereji huo huitwa mfongo. Hakuna mtu awezaye kuutunza peke yake, kwa maana mvua kubwa huubomoa na mchanga huuziba. Kwa hiyo mfongo ulikuwa na mkuu wake, mara nyingi mtu wa ukoo ule uliouchimba kwanza. Siku ya kazi ikitangazwa, watumiao maji hutoka na majembe. Maji yenyewe hugawanywa kwa zamu. Asiyetoka kazini hutozwa, na asipolipa hunyimwa maji.

Mtu aweza kusema, "Kumnyima jirani maji ni ukatili." Neno hili ni zito, tusilipite upesi. Lakini tufikiri: mvivu akipata maji sawasawa na mwenye bidii, mwezi ujao watatoka nusu, na mwezi wa pili hatatoka mtu. Mfereji ukifa, wa kwanza kuumia ni mjane na mzee, wasioweza kuchota maji mbali. Basi kumtoza mvivu ni kumlinda mnyonge. Hata hivyo si haki illa kwa masharti mawili: sheria impate mkubwa kama mdogo, tena asiye na nguvu asihesabiwe kuwa mvivu.

Tumtazame pia mwenye shamba la juu. Aweza kuyafunga maji yote yasishuke. Lakini mfereji ukibomoka, hawezi kuutengeneza pasipo wale wa chini. Yeye awahitaji wao, nao wamhitaji yeye. Hapo ndipo lilipo fundo la ujirani.

Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali ya Tanzania iliwahamisha watu kwa mamilioni wakae vijijini pamoja. Nia ilikuwa njema: wapate shule, zahanati na maji. Lakini wengi walihamishwa kwa nguvu, na mashamba mengi ya pamoja hayakudumu, kwa maana watu waliyaona kuwa kazi ya serikali, si yao. Amri yaweza kuwakusanya watu; kuwafanya majirani haiwezi.

Siku hizi hata mlimani mifereji mingine imeachwa, na vijana wengi wamekwenda mijini. Basi atakaye kujenga kijiji asianze kwa karamu wala kwa hotuba. Atafute kazi moja ambayo wote waihitaji, kama kisima, au daraja, au njia ya kwenda shuleni. Sheria yake itungwe na wale wale watakaoifanya, vijana na wanawake wakiwamo. Na siku ya kazi ikifika, wa kwanza kuonekana na jembe begani awe mkubwa wa kijiji. Watu wakimwona hivyo, hawatahitaji kusukumwa. Na asiyetoka atajua mwenyewe ya kuwa amejitenga na wenzake.