Kisu Butu na Haki ya Mnunuzi

Kisu kizuri ni kile kinachokata. Hoja hii inaonekana nyepesi, lakini Plato aliitilia uzito katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri. Tawi la mzabibu, alisema, laweza kukatwa hata kwa jambia, ila kisu kilichotengenezwa kwa ajili ya kupogolea ndicho kinachoifanya kazi hiyo vyema kuliko vyote. Ubora wa chombo umo katika kazi yake. Kwa kipimo hicho, kisu kinachoponda nyanya badala ya kuikata hakistahili kuitwa kisu cha bei nafuu. Aliyekilipia hakupata kisu.

Msamvu, Morogoro, ambako barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika kwenda Dodoma na Iringa, ni mahali pa kulitazama jambo hili kwa karibu. Wasafiri, mama lishe na wakulima washukao Uluguru na mboga zao wote wanahitaji kisu, na wengi hawana pesa ya kubahatisha. Visu vinavyouzwa bei ya chini kwa kawaida ni vya kiwandani: bapa jembamba la chuma kisichoshika kutu na mpini wa plastiki. Chuma cha aina hiyo, ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, huwa na kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5. Kromiamu huzuia kutu. Ugumu wa makali hutegemea zaidi kaboni na namna chuma kilivyopitishwa motoni. Kaboni ikipungua mno, kisu hung'aa vizuri sokoni na makali hulala upesi jikoni. Mng'ao unaonekana, kaboni haionekani. Hapo ndipo swali la bei linapokuwa swali la haki.

Fiqhi ya Kiislamu humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa iliyokutwa na kasoro ambayo hakuijua wakati wa kununua. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo aliyefariki mwaka 1274, alifikia hukumu iliyo karibu na hiyo. Farasi mwenye jicho moja anaweza kuuzwa bila maelezo, mradi bei ishuke, kwa kuwa kila mtu anamwona. Kasoro iliyojificha lazima itajwe. Huenda mtu akasema kwamba bei ndogo yenyewe ni onyo la kutosha. Utetezi huo ungesimama kama bei ingefuata ubora. Lakini kwenye meza moja kisu kinachofaa na kisichofaa huweza kuuzwa bei ileile, na anayeumia zaidi ni yule asiye na uwezo wa kununua tena wiki ijayo.

Yuko pia anayeumizwa na kisu butu ilhali hahusiki kabisa na biashara hiyo, naye ni mnyama anayechinjwa. Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi Muslim, inamwamuru mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Kunoa, basi, ni sehemu ya ibada yenyewe ya kuchinja. Umaskini haumwondolei mtu wajibu huo, kwa sababu wajibu haudai kisu ghali. Unadai kisu kikali.

Na kisu kikali cha bei ndogo kinapatikana. Springi chakavu ya lori, mali isiyokosekana kwenye njia kuu kama hiyo ya Msamvu, huwa na kaboni kama asilimia 0.6. Mhunzi huipasha moto wa makaa, huifua, huizamisha kwenye mafuta ikiwa bado nyekundu, kisha huirudisha kwenye joto dogo ili isivunjike kirahisi. Kisu hicho ni cheusi, na kisipofutwa hushika kutu, lakini kikinolewa kwenye jiwe hudumu miaka.

Mnunuzi ana njia ya kukitambua. Apitishe tupa taratibu karibu na makali: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma, ni laini. Atazame pia kama mkia wa bapa umeingia hadi mwisho wa mpini, kwa maana kisu kinachochomoka mkononi ni hatari. Muuzaji mwadilifu huruhusu majaribio hayo na hupokea kisu kilichorudishwa. Anayeyakataza anaficha kile ambacho dini zote mbili zinamtaka akiseme, na visu vyake visinunuliwe.