Msoo, Ngeli na Klasi: Aina ya Kitu Hukaa Wapi?

Katika msitu wa Rau, kando ya mji wa Moshi, huota mti mrefu wa jamii ya kunde ambao wenyeji huuita msoo. Ni mti adimu. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Hermann Harms, alipouingiza katika maandishi ya sayansi alilichukua jina hilo la wenyeji na kuuita Oxystigma msoo. Mwaka 1999 mtaalamu mwingine, Breteler, aliuhamishia jenasi ya Prioria. Mvule, ambao nao umo katika msitu huo, uliwahi kuandikwa Chlorophora excelsa na leo huandikwa Milicia excelsa. Miti yote miwili iliendelea kunywa maji ya ardhini palepale ilipokuwa. Hakuna jani lililobadilika, wala mzizi uliohama. Kama kilichohama ni aina, basi aina hukaa wapi: ndani ya mti, au katika daftari la anayeuita?

Swali hili ni la zamani. Katika karne ya 3, mwanafalsafa Porphyry aliandika utangulizi mfupi wa mantiki ya Aristotle, na mwanzoni mwake akaweka maswali matatu: Je, jinsi na aina za vitu zipo zenyewe, au ni mawazo tu? Kama zipo, zina mwili au hazina? Je, zimejitenga na vitu, au zimo ndani yake? Akayaacha bila jibu, kwa kuwa aliona ni mazito mno kwa wanafunzi. Waliomfuata waligawanyika. Wapo waliosema aina ni kitu halisi, na wapo waliosema ni jina tu. Kiswahili kilipokea sehemu ya mjadala huo bila kuutangaza. Neno jinsi limetoka Kiarabu, na Kiarabu kililipata kutoka genos la Kigiriki. Jenasi limetoka genus la Kilatini, nduguye genos. Maneno hayo mawili ni watoto wa ukoo mmoja waliopita njia mbili.

Katika Afrika Mashariki, aliyelishika swali hili kwa mikono miwili ni padri Alexis Kagame wa Rwanda. Katika kitabu chake cha falsafa ya Kibantu na Kinyarwanda kilichotoka mwaka 1956, alidai kwamba ngeli za nomino zinaonyesha jinsi Wabantu wanavyouona ulimwengu. Alitaja makundi manne ya vilivyopo: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Yote manne yana shina moja, -ntu. Kwa Kagame, basi, aina haikubuniwa na mtu mmoja. Imo katika lugha, na lugha inaakisi vilivyopo.

Wakosoaji, miongoni mwao Paulin Hountondji wa Benin, walikataa kwamba falsafa ya watu wote inaweza kuchimbwa kutoka katika sarufi yao. Kiswahili chenyewe kinatoa sababu ya tahadhari. Mtu na mti vinaanza kwa herufi ileile, lakini mmoja ni wa watu na mwingine ni wa miti. Neno kifaru lina umbo la kitu, lakini kwa mnyama huyo hakuna asemaye kifaru kinakimbia. Husemwa kifaru anakimbia. Daktari hana kiambishi chochote cha watu, na bado daktari ameandika dawa. Kitabu, kwa upande wake, kilikuja kutoka Kiarabu na ki- yake ikiwa sehemu ya neno lenyewe. Waswahili waliisikia kama kiambishi, wakaunda vitabu. Kifaru aliingia ngeli ya viumbe kwa uhai wake, kitabu kikaingia ngeli ya ki-vi kwa sauti yake.

Kwa sababu hiyo sarufi inayofundishwa shuleni hupanga ngeli kwa upatanisho wa kisarufi, si kwa kiambishi cha nomino. Ngeli ya neno haisomwi kwenye paji la uso wake. Huonekana katika namna maneno mengine yanavyolipokea. Hapo pana jibu la tatu kwa swali la Porphyry. Aina haiko ndani ya kitu peke yake, wala katika jina peke yake. Iko katika upatanisho, yaani katika namna vitu vingine vinavyotarajia kitu hicho kitende, nacho kikatenda hivyo.

Jibu hilo hupimika vizuri katika lugha za programu, kwa kuwa humo aina hutengenezwa kwa mikono. Perl, lugha iliyoanzishwa na Larry Wall mwaka 1987, ni mfano mwafaka. Wall alisomea isimu, akiwa na nia ya kuipatia maandishi lugha isiyoandikwa na kutafsiri Biblia katika lugha hiyo. Katika toleo la 5 la Perl, lililotoka mwaka 1994, data huwa kitu cha klasi (yaani aina) fulani kwa amri iitwayo bless, yaani bariki. Amri hiyo haiongezi chochote ndani ya data. Inaibandika jina la klasi tu. Lugha haikagui kama data inastahili baraka hiyo, na kitu kilichobarikiwa katika klasi moja kinaweza kubarikiwa tena katika nyingine, kama msoo ulivyohamishwa jenasi. Lakini kitu kikiombwa kutenda, Perl hutafuta tendo hilo katika klasi yake, kisha kwa wazazi wa klasi hiyo. Likikosekana kote, programu husimama na kutoa kosa. Jina hutolewa bure, ila upatanisho haudanganyiki.

Kubariki kwa mkono kila mara kunachosha, ndiyo maana zikaundwa maktaba za kujengea klasi. Moose, iliyotolewa na Stevan Little mwaka 2006, inachukua msimamo wa wale wanaosema aina ni kitu halisi: kila klasi ina kitu kingine nyuma yake kinachoieleza, nacho kinaweza kuulizwa una sifa gani na umemrithi nani. Uwezo huo una gharama, kwani programu fupi inaweza kutumia muda mwingi zaidi kujiandaa kuliko kufanya kazi. Moo, ya Matt S. Trout, ilifuata kama maktaba nyepesi. Inamwachia mwandishi wa programu maneno machache: kitu kina nini, klasi inarithi nini, na inachukua majukumu gani. Maelezo mazito ya klasi hujengwa pale tu Moose yenyewe inapohitajika.

Jukumu si urithi. Klasi hulichukua kutoka pembeni, si kwa mzazi. Tofauti hiyo si ngeni katika mlima Kilimanjaro. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi huko kwa vipindi kati ya 1902 na 1938, alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo vitatu vya Wachaga: ukoo, ujirani na rika. Kwa mtazamo huo, ubatizo haukupaswa kumkata mtu na vifungo vyake. Ukoo mtu huzaliwa nao. Rika na ujirani humfunga kwa yale anayowatendea wenzake.

Kazi ya mwisho ni kuifungasha maktaba. Katika Debian, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, kifurushi cha Moo kina jina, toleo, leseni, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo kinavitegemea. Wepesi hupimwa kwenye orodha hiyo: kila tegemezi ni ahadi ya mtu mwingine ambayo nayo lazima itimie. Kifurushi humfikia asiyemjua mwandishi, kwenye kompyuta ambayo mwandishi hataiona. Jina likibaki lilelile na matendo yakabadilika bila kutangazwa, programu za wengine huvunjika. Jina likibadilika na matendo yakabaki, Debian ina njia ya kutangaza kwamba kifurushi kipya kinatimiza wajibu wa kile cha zamani.

Wanabotania hufanya vivyo hivyo. Jina kamili la mti wa Rau ni Prioria msoo (Harms) Breteler: aliyeupa jina mwanzo hubaki kwenye mabano, na jina la wenyeji hubaki katikati. Jenasi imebadilika, lakini asomaye maandishi ya zamani na asomaye mapya watafika kwenye mti uleule. Kubadilisha aina si kosa, maadamu waliotegemea jina la kwanza hawakupotezwa njia.