Nani Alichelewa?

Taya la mtoto linavimba. Jirani anasema ni jino. Bibi anasema jicho la watu, apakwe dawa kwanza. Wiki mbili baadaye wanafika hospitali, na swali la kwanza anaulizwa mama: "Kwani ulikuwa wapi siku zote hizi?" Linaulizwa kama swali, lakini ni hukumu.

Chukua limfoma ya Burkitt. Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu, askari wetu dhidi ya magonjwa. Aina hii huwapata zaidi watoto, na ina mbio ajabu: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliuandikia mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitali baada ya hospitali: uvimbe huu mmeuona? Wakapata ramani. Ugonjwa ulifuata joto, mvua na nyanda za chini, kule kule malaria inakotamba. Pwani yetu imo.

Ramani hiyo haina wa kulaumiwa. Huwezi kumshtaki mbu, wala masika.

Ila kuna ramani ya pili, ya nani anapona. Ugonjwa huu unasikia dawa. Kwenye nchi tajiri, kemotherapi inaponya watoto takriban tisa kati ya kumi. Huku kwetu ni wachache zaidi, na hapo mvua haihusiki. Mama wa Vanga anapanda boda, kisha matatu hadi Msambweni, kisha anavuka feri ya Likoni kwenda Mombasa. Kipande cha uvimbe kikatwe, kipimwe, asubiri majibu. Halafu dawa ni mizunguko kadhaa, na kila mzunguko ni nauli, kibarua kilichopotea, na watoto wengine walioachwa kwa shangazi.

Utasema: lakini si kuchelewa ndiko kunakoua? Ndiyo, kunaua. Ila sababu na kosa ni vitu viwili. Ili liwe kosa lako, ni lazima ulijua, na ulikuwa na njia nyingine. Mama hakuambiwa kwamba siku mbili ni nyingi. Njia aliyokuwa nayo ndiyo ile ya jirani na bibi.

Sasa, mzigo unamhamia anayejua. Na wewe umeshasoma hadi hapa. Mtoto akivimba taya, meno yakilegea, au tumbo likijaa ghafla, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mtu mzima mwenye tezi shingoni, kwapani au kwenye kinena zisizopungua kwa wiki kadhaa, akitoka jasho jingi usiku na kukonda bila sababu, naye akapimwe. Limfoma haiambukizi, kwa hivyo hakuna wa kutengwa. Dawa ikianza, imalizwe, hata uvimbe ukishapotea machoni.

Ukimwona mama huyo mtaani, muulize ana nauli ya kufika Mombasa. Hilo ndilo swali lenye maana.